Wewe Tairi, Mwambie Dereva

Wankyo ana sauti. Tuanzie hapo, maana sura yake haisemi mengi: mama wa makamo, mnene kidogo, kitambaa kichwani, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini. Lakini sauti, jamani! Akifoka kwenye gereji yake ya matairi pale Bunda, kando ya barabara ya Mwanza, wachoma mahindi wa ng'ambo wanageuka kuona kama ni wao waliokosea. Anazifokea nati zilizoshika kutu. Anaifokea pampu ya upepo. Hata pancha anaifokea, "Umejificha wapi wewe, toka nikuone!" na kweli, kiputo kinachomoza kwenye beseni la maji.

Gereji ilikuwa ya marehemu mumewe, Mugeta, mtu wa Butiama. Alipofariki watu walisema mwanamke hawezi kubandua tairi la lori. Watu haohao siku hizi wanamletea malori yao, na ukiwakumbusha walichosema wanaangalia pembeni.

Humo ndani ya gereji ndimo alimompatia Masatu. Alikuja kijana kutoka Majita, na begi moja na viatu vya kuazima, akiomba kazi yoyote. Mugeta alimfundisha spana. Wankyo alimfundisha yaliyobaki: kulisoma tairi kwa kiganja, kubishana na mteja bila kumpoteza, na kula haraka huku gari likisubiri. Walikuwa wakila sufuria moja, wamekalia matairi mabovu, ugali wa muhogo na sato, wakigombania kichwa cha samaki kila siku ya Mungu. Kichwa kilikuwa cha Wankyo kwa haki ya ukubwa. Mara nyingi kilikuwa kimeshaliwa na Masatu kabla haki haijafika.

Mugeta alipofia hospitali kule Musoma, pikapu yao ndiyo iliyombeba kumrudisha kwao Butiama. Tairi zake zilikuwa vipara vitupu, zimejaa viraka, maana mume akiwa anaumwa nani anakumbuka tairi? Masatu aliendesha. Wankyo alikaa pembeni yake, jeneza likiwa nyuma. Walipoacha lami wakaingia kwenye mawe, Masatu aliipeleka ile pikapu taratibu, akikwepa kila jiwe, halafu akikwepa na kivuli chake. Hakuna tairi lililopasuka. Marehemu hakutikisika. Walipofika, Masatu alizima gari, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kuliko watoto wa marehemu mwenyewe. Tangu siku hiyo Wankyo alimhesabu kuwa wake.

Halafu si akamwoa Nyangi!

Nyangi ni binti yake Wankyo, mwalimu, mpole, na wawili hao walipendana mbele ya macho ya mama bila mama kuona kitu, yeye anayeona msumari kwenye tairi la basi linalopita. Alifurahi mno. Harusi ilifana. Wifi yake Sara, dada wa marehemu Mugeta na kiongozi wa kwaya, alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Asubuhi yake Wankyo akaamka, akaandaa chai, akakata mkate wa watu wawili kwa mazoea, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Masatu sasa alikuwa mkwe.

Kwa watu wa Butiama, na kwa kina Masatu kule Majita vilevile, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawaitani kwa majina, hawatazamani usoni, na njia nyembamba mmoja anampisha mwenzake. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Watu wa kanisani nao wanaishika, tena wakati mwingine kuliko waliobaki kijijini, na Sara alikuwa mlinzi wake mkuu.

Basi Masatu akahama gereji, akafungua yake Musoma, mtaa wa Iringo. Wankyo akienda kumwona mjukuu wake Benson, Masatu anatoka kwa mlango wa nyuma. Siku moja mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, akatorokea dirishani, akaangukia beseni la nguo za kuloweka. Wankyo aliisikia ile sauti ya maji, akajifanya anamsikiliza Nyangi. Njiani alilia. Hakumlilia mtu aliyeanguka kwenye beseni. Alimlilia yule aliyekuwa akimwibia kichwa cha sato.

Kati ya mambo yote aliyojifunza kwa Wankyo, Masatu alitoka na moja lililomzidi mwalimu: kuendesha. Mfanyabiashara mmoja wa spea pale Musoma, Masanja, akamkabidhi Subaru ya buluu ya mashindano, na pamoja naye Gody, msoma ramani, kijana mwembamba anayekula bila kunenepa. Wakaanza kushiriki mbio za magari, zile za porini zinazoleta madereva kutoka Arusha na Moshi na Nairobi. Walipata ushindi mdogomdogo. Walipinduka mara moja. Shida ya Masatu ilijulikana na kila mtu: ana mguu mzito. Akiona vumbi la mwenzake mbele, anasahau kwamba gari lina tairi.

Mwaka huu mbio zikaletwa Mara. Masanja akatamka mbele ya watu, bila kupepesa, "Mimi nimechoka kununua mafuta ya kushindwa. Akiingia watatu wa kwanza, kiti ni chake. Akiwa wa nne, mwakani anakaa mtu mwingine." Na Masanja akisema hivyo huwa hatanii, mwulize mtu yeyote aliyewahi kuomba punguzo dukani kwake.

Wiki ya mashindano, fundi wao mkuu wa matairi, Pastory, akaanguka na pikipiki, mkono ukafungwa plasta. Masanja akaja Bunda mwenyewe, viatu vimeng'aa, akasimama mlangoni kwa Wankyo.

"Mama Nyangi, nataka mtu wa kubadilisha tairi haraka."

"Dereva wako ni mkwe wangu," alisema Wankyo bila kuinua kichwa kwenye rimu. "Unataka nichekwe na ukoo mzima?"

"Sijasema mkae meza moja. Yeye ndani, wewe nje."

"Kwenda zako."

Jioni Nyangi akapiga simu. Hakubembeleza sana, si mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Mama, akinyang'anywa hicho kiti sijui nitaishi naye vipi humu ndani." Wankyo akakata simu, akaanza kutafuta jeki yake nzuri.

Utaratibu wakaupanga kupitia kwa Gody. Katika mbio hizi gari halisimami linapotaka. Kila baada ya vipande kadhaa vya njia kuna kituo cha sevisi. Gari linaingia, mafundi wanapewa muda mfupi, kisha linatakiwa kufika kwenye meza ya waamuzi katika dakika yake kamili. Ukichelewa, adhabu. Ukiwahi, adhabu pia, tena nzito zaidi. Kwa hiyo wakakubaliana: gari likiingia, Masatu anashuka upande wake na kwenda kujibanza nyuma ya lori la maji la timu. Wankyo ndipo anatoka kwenye hema la mafundi na kufanya kazi. Akimaliza anarudi hemani, Masatu anatoka kwenye lori. Kama jua na mwezi, mmoja akiingia mwingine atoke.

Na maneno je? Maana fundi na dereva lazima waongee. Hilo walilitatua wenyewe papohapo, asubuhi ya kwanza, kituo cha Butiama, bila mtu kuwafundisha. Wankyo alipapasa tairi la nyuma, akaona limeliwa upande mmoja, akapaza sauti kuelekea kwenye lile tairi:

"Wewe tairi! Mwambie dereva wako anakata kona kabla haijafika. Ataninyoa mpira wote!"

Nyuma ya lori la maji sauti ikatoka, ya upole:

"Wewe lori, sema nimesikia."

Mafundi wengine walicheka mpaka spana zikawadondoka. Wankyo hakucheka, alikuwa kazini, lakini moyoni alisikia kitu kikifunguka kidogo. Alikuwa hajaisikia ile sauti ikimjibu tangu harusi.

"Tairi, mwulize amekula?"

"Lori, sema bado."

"Tairi, mwambie kuna viazi kwenye kikapu cha Gody, kama Gody hajavimaliza!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wankyo, kwa ile furaha, alichelewa kurudi hemani. Alikuwa bado anafuta rimu ambalo halikuhitaji kufutwa. Masatu akachungulia, akaona mama mkwe yuko palepale, na muda unakwenda. Akazunguka lori, akazunguka tena. Mwisho akajifunika uso kwa mkono kama mtu anayekinga jua, akachomoka, akaruka ndani ya gari na kuliondoa kwa haraka ili tu asibanane naye pale. Gody alirukia kiti chake kiazi kiko mdomoni. Gari likavuka kibao cha waamuzi kabla ya dakika yake.

"Tumewahi!" Gody alipiga kelele, na kiazi kikatoka. "Rudi nyuma! Tumewahi!"

Hakuna kurudi. Mwamuzi aliinua kalamu, akaandika.

Mchana huo Masatu aliendesha vizuri kuliko wote njia ya Buhemba, vumbi jekundu likasimama nyuma yake mpaka kwenye mashimo ya wachimba dhahabu. Matokeo ya siku yalipobandikwa Musoma, kwa mwendo alikuwa wa pili. Dakika ya adhabu ikaongezwa, akashuka hadi wa sita.

Masanja alisoma karatasi, akakunja miwani, akaondoka bila kuaga mtu.

Wankyo alirudi Bunda na lifti ya lori la maji, hakusema neno njia nzima, na dereva wa lori baadaye alisema huo ukimya ulimtisha kuliko kelele zake. Dakika ile ilikuwa yake. Si tairi lililoileta, si injini, si mguu mzito wa Masatu. Ni yeye, kusimama mahali ambapo mkwe alitakiwa kupita. Kijana wa watu angenyang'anywa kiti kwa sababu ya kumheshimu.

Siku ya pili ilikuwa na sevisi moja tu ya mwisho, uwanjani Bunda, kabla ya kipande kirefu cha kwenda Kisorya kwenye kivuko. Wankyo hakukaa bure. Alimpigia Marcelina, anayeanika dagaa kule Kisorya na kumletea sato kila wiki.

"Marcelina, huko kukoje?"

"Weee, usiniulize! Mvua imekuja na ziwa lote! Dagaa zangu zimelowa, hata kuzianua sijawahi!"

"Pole dada. Imeanzia wapi?"

"Upande wa huku kwetu tu. Huko nyuma nasikia jua kali."

Gody alitangulia kwa miguu, gari likingoja zamu nje ya uwanja, na Wankyo akamwita pembeni, wakachora kwa kijiti kwenye vumbi. Bunda palikuwa pakavu, jua la kuchoma utosi. Mafundi wote uwanjani walikuwa wakiandaa tairi ngumu za changarawe. Lakini nusu ya mwisho ya njia ingekuwa tope la mfinyanzi, lile linaloshika gurudumu na kulijaza mpaka linakuwa mkate. Tairi za tope zingefaa huko. Ila tairi za tope ni laini. Ukizikimbiza kwenye mawe makavu ya nusu ya kwanza zinachanika vipandevipande, na hufiki hata kwenye hilo tope.

"Zinaweza," alisema Gody, "kama dereva ataenda polepole mpaka mvua ianze. Awaache wengine wajinafasi."

"Atakubali?"

Gody akacheka kwa huzuni. "Huyu? Akiwa wa nne na anaona vumbi la wa tatu? Mama, mimi ananisikiaga kona tu. Mwendo hanisikiagi."

Maana asubuhi ile Masatu alikuwa ameendesha kwa hasira, kutoka wa sita mpaka wa nne. Nafasi moja tu imebaki. Nafasi hiyo ndiyo kiti.

Gody akarudi kwenye gari, likaingia uwanjani likikokota bampa la mbele. Alikuwa amegonga jiwe. Rimu la mbele kulia limepinda, na mlango wa dereva umebonyea ndani, haufunguki. Watu walikuwa wamejaa kwenye kamba. Mbele kabisa, na mwavuli wa maua, alisimama wifi Sara, amekuja kuangalia mbio, na kuangalia na mengine.

Masatu alisukuma mlango. Akausukuma kwa bega. Alipoona haufunguki, akafungua mikanda, akaanza kupita upande wa Gody. Akapanda juu ya gia, mguu ukanasa kwenye vyuma vya ndani, kofia ngumu ikagonga paa. Mtu mzima, dereva wa mashindano, anahangaika humo ndani kama kuku ndani ya kikapu, muda wa sevisi unamwagika, ili tu mama mkwe asimkaribie.

Wankyo alitoka hemani na tairi la tope mabegani.

"Wewe tairi," alisema, "mwambie akae."

Masatu hakusikia, au hakuweza kusikia. Mguu ulikuwa bado umenasa.

"Tairi! Mwambie abaki humohumo ndani, nitafanya kazi na yeye akiwemo!"

Masatu akazidi kuvuta mguu. Gody alikuwa akimshika kiatu. Kule kwenye meza mwamuzi alitazama saa yake.

Wankyo akatua tairi chini. Akaangalia lile gari, akaangalia ile kamba yenye watu, akamwona wifi yake na mwavuli. Akavuta pumzi, na ile sauti, ile inayogeuza wachoma mahindi, ikatoka yote.

"MASATU! KAA CHINI!"

Uwanja mzima ukageuka. Mwavuli wa Sara ukainama wenyewe. Jina la mkwe, hadharani, kinywani mwa mama mkwe, na kwa sauti hiyo!

Masatu akakaa. Alikaa papo hapo, kama alivyokuwa akikaa zamani gerejini akiambiwa akae, na mikono yake yenyewe ikaanza kufunga mikanda. Wankyo alikuwa ameshapiga goti chini ya dirisha lake, jeki inapanda, nati zinatoka, na maneno yanatoka pamoja nazo, hayapitii tena kwenye tairi wala lori.

"Nisikilize. Nakufunga tairi za tope."

"Mama, hapa ni pakavu!"

"Kisorya mvua inanyesha. Nisikilize nimesema! Mpaka utakapoiona mvua, hutakimbia. Watakupita, waache wapite. Vumbi lao halikuhusu."

"Nikienda polepole nakipoteza kiti, Mama." Sauti ilikuwa imemkatika kidogo. "Hiki kiti nakitafutia mwanangu. Mama, siwezi."

Wankyo akasimama, spana mkononi, jasho linamwingia machoni. Akamtazama usoni. Alikuwa amezeeka kidogo, yule kijana, na mvi moja ya ajabu kwenye nyusi, na hakuna aliyemwambia.

"Unaweza," alisema. "Endesha kama siku ile tulivyomrudisha Baba Nyangi. Tairi zilikuwa vipara, na ulimfikisha. Endesha hivyohivyo. Mvua ikianza, fanya utakalo."

Masatu alifumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Tairi la mwisho likakazwa, jeki ikashuka, Gody akapiga dashibodi, na gari likaondoka. Lilifika kwenye kibao likasubiri hapo nje, likatulia, mpaka dakika yake ikafika kamili.

Kilichofuata Wankyo hakukiona, alikisikia kwa simu. Marcelina alikuwa amesimama mvuani na jamvi la dagaa kichwani, na Wankyo aliiweka simu ndani ya kofia ngumu ya fundi wa hema jirani ili isikike na wote. Masanja alikuwa amesogea. Sara naye alisogea, hatua chache nyuma, mdomo ameukunja.

Kwanza zilikuja habari kutoka katikati ya njia: Subaru ya Masanja imepitwa kwa hesabu ya muda na karibu kila mtu. Masanja akasema, "Basi." Wankyo alikuwa na nati moja mkononi, akawa anaizungusha.

"Inakuja moja!" Marcelina alipiga kelele kwenye simu. "Ya kijani! Ina tope mpaka kwenye kioo... weee, imeingia mtaroni! Wanaisukuma! Inakuja nyingine nyeupe, inakwenda ubavuubavu kama kaa!"

"Ya buluu je?" Wankyo alifoka. "Marcelina, ya buluu!"

"Sijaiona. Ngoja. Ngoja dada, dagaa zinaniangukia. Hiyo hapo! Ya buluu! Jamani, hiyo inakimbia utafikiri huku hakujanyesha!"

Ikabidi kusubiri hesabu za waamuzi, na kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko mbio zenyewe. Masanja alivua miwani, akaivaa, akaivua. Hatimaye Gody mwenyewe akapiga, analia na kucheka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuna kitu.

"Wa tatu, Mama! Wa tatu kwa jumla! Tumemzidi wa nne kwa pumzi tu!"

Masanja alilikumbatia lile lori la maji. Wankyo alikaa chini juu ya jeki yake nzuri, akafunika uso kwa kitambaa cha kufutia rimu, na alipokiondoa alikuwa mweusi uso mzima na machozi yamechora njia mbili. Alipoinua macho, mbele yake aliona viatu vya Sara.

"Wifi," alisema Sara.

"Najua, wifi. Nimemtaja. Mbele ya watu wote."

"Umemtaja, na umemkazia macho."

"Nimekosa. Nifanyeni mtakavyo."

Sara akafunga mwavuli wake taratibu, akaupiga chini kutoa vumbi. "Kuna mbuzi wa kutengeneza hayo. Yeye anamleta, wewe unapika, mimi na watu wa Butiama tunakuja, tunasali, tunakula wote mahali pamoja. Basi, imekwisha. Baada ya hapo mnaongea kama watu."

Wankyo aliinuka kwenye jeki. "Kuna mbuzi?"

"Amekuwapo siku zote."

"Wifi! Miaka yote hii kijana anarukia madirisha, na kulikuwa na mbuzi? Mbona hukusema?"

"Mbona hamkuuliza? Mimi nilidhani mnapenda kukimbizana."

Na kweli hawakuuliza. Wankyo aliona aibu kuuliza, mtu angedhani anatamani kula na mkwe sufuria moja. Masatu aliona aibu kuuliza, wangemwona hana adabu. Kila mmoja alimheshimu mwenzake mpaka wakapotezana, na mbuzi wao yuko zizini anakula majani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Masatu alishuka kwenye gari la Nyangi pale Bunda akiwa na mbuzi beberu mwenye kelele, na Benson amemshika mkia. Sara alisali, sala ndefu kidogo, akamtaja kaka yake Mugeta. Wakala. Wankyo, ambaye hakuamini kwamba mbuzi peke yake anatosha, alikuwa amepika na sato mmoja mkubwa wa Marcelina.

Lakini mazoea ni kitu kigumu. Masatu alikaa kwenye kona ya mbali ya jamvi, mgongo umemkakamaa, anatazama sahani yake. Wankyo alitoka jikoni, akafika mlangoni, akasita. Akageukia sufuria aliyoibeba, akasema kwa sauti ndogo isiyo yake:

"Wewe sufuria. Mwulize mgeni kama atakula kichwa cha samaki."

Watu waliacha kutafuna. Masatu akainua uso. Alijaribu kutabasamu, mdomo ukamgomea, akabaki anamtazama mama mkwe wake wazi kabisa, macho yamejaa.

"Mama," alisema, "mimi niko hapa. Niulize mwenyewe."

Wankyo akatua ile sufuria katikati yao, akakaa chini kando yake, akakunja mikono ya gauni.

"Hutapewa," alisema. "Kichwa ni changu."

Na alipogeuka kumpa Sara chumvi, kilikuwa kimeshaliwa.